TUJIFUNZE VIM



Wanaosoma informatiki hapa Likasi wanajua taabu hii: ordinatere ni kidogo, wanafunzi ni wengi, na umeme unaweza kukatika saa yoyote. Mtu anapata nusu saa mbele ya mashini, lakini wakati mwingi unapotea bure: anashika suri, anapanda, anashuka, anafuta herufi moja moja. Zamu inaisha, programu haijaandikwa. Ndiyo sababu leo tunaeleza chombo kinachoitwa Vim.

Vim ni programu ya kuandikia programu nyingine. Haipambi maandishi, inayaweka tu vile yalivyo, na inatembea vizuri hata mu ordinatere ya zamani. Babu yake ni vi, iliyoandikwa na Bill Joy mwaka 1976 kule Berkeley, Marekani. Vim yenyewe ilitolewa mwaka 1991 na Bram Moolenaar, mtu wa Uholanzi.

Anayeanza anashangaa: anapiga herufi, maandishi hayatokei! Mashini haikuharibika. Vim iko na hali mbalimbali; mbili za msingi ni ya kuamuru na ya kuandika. Inapofunguka iko katika kuamuru, na kila herufi ni amri. Finya i, unaanza kuandika. Finya Esc, unarudi katika kuamuru.

Siri njo hii: amri zinaungana kama kitendo na jina katika sarufi. Vitendo vitatu: d ni kufuta, c ni kubadili, y ni kunakili. Majina manne: w ni neno, $ ni mwisho wa mstari, gg ni mwanzo wa maandishi yote, G ni mwisho wake. Basi dw ni kufuta neno, y$ ni kunakili mpaka mwisho wa mstari. Unakariri vitu saba tu, na unapata amri kumi na mbili. Zaidi ya hizo, dd inafuta mstari mzima, 3dd mistari mitatu. Nukta inarudilia badiliko la mwisho, na u inatengua. Ku klavye yetu ya Kifaransa, tarakimu na nukta zinaomba Maj, lakini nukta mbili haziombi.

Na umeme ukikatika? Vim inaweka akiba pembeni kila baada ya herufi 200, ao ukikaa sekunde 4 bila kupiga kitu. Umeme ukirudi, andika vim -r pamoja na jina la faili, na sehemu kubwa ya kazi itarudi. Lakini tusilegee: finya Esc, andika :w, kazi inahifadhiwa. Kutoka ni :q.

Vim haiuzwi. Lakini inapofunguka, inaomba msaada kwa ajili ya watoto maskini wa Uganda. Kwa nini Uganda? Mwaka 1994 Moolenaar alifanya kazi ya maji na usafi kule Kibaale, wilaya ya Rakai, ambako SIDA iliacha yatima wengi. Aliporudi kwao hakuwasahau. Andika :help uganda, utasoma habari yao. Yeye alifariki Agosti 2023, na wengine wanaendeleza Vim.

Sasa tuanze namna gani? Pamoja na Vim kuna somo la mazoezi. Andika vimtutor fr, linafunguka kwa Kifaransa. Linaomba karibu nusu saa, zamu moja tu. Kisha tushike amri moja mpya kila juma, tuitumie mpaka vidole vyenyewe viizoee. Anayengoja zamu aandike amri zake ku karatasi mbele ya kuingia. Hivi, tukikaa kwenye mashini, ile nusu saa itatumika kwa kufikiri programu, si kwa kutafuta herufi.