Harufu Isiyo ya Kawaida Ukeni Wakati wa Ujauzito Isifichwe Kliniki

TABORA – Mjamzito wa Kata ya Ng'ambo, Manispaa ya Tabora, anapohudhuria kliniki hupimwa shinikizo la damu, wingi wa damu, VVU na kaswende. Ipo hali moja ambayo kwa kawaida haimo katika vipimo hivyo, na mara nyingi hujulikana tu iwapo mwenyewe atasema: vajinosisi ya bakteria.

Hali hii haitokani na mdudu mmoja aliyeingia kutoka nje. Uke wenye afya hulindwa na bakteria wazuri, hasa laktobasila, wanaotengeneza asidi na kuwazuia wengine wasistawi. Walinzi hao wanapopungua, bakteria wengine huzaliana kupita kiasi. Hapo hutokea ute mwepesi, mweupe au wa kijivu, wenye harufu ya samaki inayozidi baada ya tendo la ndoa. Wanawake wengi, hata hivyo, hawaoni dalili yoyote. Muwasho mkali na ute mzito kama mtindi mara nyingi huashiria fangasi, ambao tiba yake ni nyingine. Kubahatisha dawa dukani humpotezea mama muda.

Kwa mjamzito, suala hili si la usafi tu. Vajinosisi ya bakteria imehusishwa na chupa kupasuka mapema, kujifungua kabla ya wiki ya 37, mtoto kuzaliwa na uzito pungufu na maambukizi ya mji wa mimba baada ya kujifungua. Aidha, huongeza uwezekano wa mwanamke kuambukizwa VVU. Mtoto njiti anayezaliwa Ng'ambo yuko karibu na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Anayezaliwa kijiji cha mbali wilayani Kaliua au Sikonge ana safari ndefu kwanza.

Kwa nini basi wajawazito wote wasipimwe? Utafiti mkubwa wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha kuwa kuwapima wajawazito wasio na hatari kubwa na kuwatibu kwa klindamaisini hakukupunguza uzazi wa mapema. Tiba hulenga hasa wenye dalili. Dawa inayotumika zaidi ni metronidazoli, mara nyingi kwa siku saba, na dozi humalizwa hata kama harufu imetoweka siku ya tatu. Aliyewahi kujifungua njiti anapaswa kumweleza mhudumu tangu hudhurio la kwanza.

Kikwazo kikubwa ni aibu. Wapo wanaojiosha ndani kwa sabuni au kutia dawa za kienyeji wakidhani wanaondoa uchafu, kumbe wanawaondoa walinzi wenyewe. Wengine hunyamaza wakihofia kutuhumiwa nyumbani. Tendo la ndoa linaweza kuchangia hali hii, lakini kuwa nayo si ushahidi wa usaliti.

Mjamzito anayevuja maji, kutokwa damu au kuhisi uchungu kabla ya wiki ya 37 afike kituo cha afya siku hiyohiyo, bila kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.