Nyanya anajua, lakini hajachapishwa: nani huhesabiwa kuwa chanzo mtandaoni?

Mwezi uliopita binti wa dada yangu, mwanafunzi wa chuo hapa Mombasa, alinijia na swali: apate wapi kitabu kuhusu lelemama? Alitaka kuandika makala ya Wikipedia kwa Kiswahili juu ya ngoma hiyo ya wanawake, vyama vyake na mashindano yake. Nilicheka. Nikamwambia kitabu kiko chumba cha pili, kimelala, kina miaka 84. Nilimkusudia nyanya yake, ambaye ujanani aliimba lelemama Mji wa Kale na hadi leo akumbuka nani alimpiga nani vijembe, na kwa sababu gani.

"Hafai, khalati," akanijibu. "Si kwamba hajui. Hajachapishwa."

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba msichana yule alikuwa amesema kweli, na kwamba kweli hiyo inatuhusu sisi watu wa pwani kuliko tunavyodhani.

Wikipedia, iliyoanza Januari 2001, huandikwa na watu wa kujitolea. Haimwulizi mwandishi ana shahada gani. Humwuliza jambo moja tu: umelitoa wapi? Dai lolote linaloweza kubishiwa lataka tanbihi inayoonyesha kitabu, jarida la kitaaluma au gazeti la kuaminika, ili mtu mwingine aweze kufungua na kuhakiki. Utafiti wako mwenyewe hauingii. Na mahojiano uliyomfanyia nyanya yako jikoni ni utafiti wako mwenyewe.

Siipingi kanuni hiyo. Sote twajua barazani jinsi mtu anavyoweza kumpandisha babu yake cheo akawa liwali, kwa kuirudia habari hiyo jioni tatu mfululizo. Bila ya kudai ushahidi, kamusi elezo ingejaa babu za watu.

Lakini kamusi inayotegemea vilivyochapishwa hurithi pia tabia za waliochapisha. Kuna mradi wa kimataifa unaopima habari za siku moja duniani kote kila baada ya miaka 5 hivi. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu wanaotajwa au kuhojiwa katika habari. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 25. Basi mhariri wa Wikipedia anayetafuta gazeti la kunukuu anachota kwenye kisima ambacho robo tatu ya sauti zake ni za wanaume, hata kama yeye mwenyewe hana ubaguzi wowote.

Mfano unaotajwa sana ni wa Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada. Mei 2018 rasimu ya makala juu yake ilikataliwa kwa kuwa vyanzo vilivyowekwa havikutosha kuonyesha umaarufu wake. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo huo akatunukiwa Nobel ya fizikia, mwanamke wa tatu kuipata. Gérard Mourou, mwanamume aliyeshirikiana naye katika kazi ile ile, alikuwa na ukurasa wake zamani.

Hapo watu huchanganya mambo mawili. La kwanza ni wanawake wangapi wana makala zao. Hilo limeshughulikiwa: katika Wikipedia ya Kiingereza, wasifu wa wanawake ulikuwa kama asilimia 15 ya wasifu wote mwaka 2015, na leo umekaribia asilimia 20. La pili halionekani kwa urahisi: ndani ya makala, ziwe za mwanamke, za samaki au za bandari, ni nani ananukuliwa kuwa ndiye mjuzi? Ukitaka kujua, teremka hadi chini ya ukurasa uhesabu majina. Hata kuhesabu kwenyewe ni kazi, maana majina mengi yamefupishwa kuwa herufi moja, na herufi moja haina jinsia.

Sasa turudi kwenye lelemama, maana msichana wetu alipata chanzo hatimaye. Mwanahistoria Mmarekani, Margaret Strobel, aliwahoji wanawake wa Mombasa miaka ya 1970, na mwaka 1979 kikatoka kitabu chake juu ya wanawake Waislamu wa mji huu, kilichochapwa na chuo kikuu cha Yale. Mwaka 1989 yeye na Sarah Mirza wakatoa masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa: Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Ni kazi nzuri, nami nawashukuru. Lakini angalia njia yenyewe. Maneno ya bibi zetu yalivuka bahari, yakachapwa Marekani, ndipo yakarudi yakiwa na sifa ya kunukuliwa. Na tanbihi ikiandikwa, jina litakalokaa mbele ni Mirza na Strobel. Ukihesabu jinsia, utasema hapa pana wanawake wawili, mizani imekaa sawa. Waliosimulia hawamo katika hesabu.

Jambo jingine dogo lilinikera. Mtindo wa tanbihi hutaka jina la mwisho lije mwanzo. Mchukue Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Ukiufuata mtindo huo bila kufikiri, atakuwa "Msham, M. K." Yaani mtunzi amekuwa baba yake.

Mekatilili wa Menza naye, yaliyoandikwa juu yake mwaka 1913 na 1914 yaliandikwa na maofisa wa serikali ya kikoloni kama Arthur Champion, waliokuwa wakitaka anyamaze. Ripoti zao si za uongo kwa sababu ni za wanaume. Ila ofisa hakuweza kusikia wanawake wa Kigiriama waliambiana nini yeye akiondoka.

Mwaka 2011 kulifanywa jaribio nchini India na Afrika Kusini la kunukuu masimulizi ya mdomo yaliyorekodiwa katika makala za Wikipedia. Wazo zuri, lakini kanuni kuu haijabadilika. Kwa hiyo njia ya karibu ni kuchapisha hapa hapa kwetu: magazeti yetu, majarida ya vyuo vyetu, vijitabu vya vituo vya utamaduni, na kila anayehojiwa aandikwe jina lake kamili, si "mama mmoja mkaazi wa Kibokoni".

Nyanya tulimweleza yote haya. Alisikiliza, akauliza kama huyo Wikipedia ni mtu wa wapi. Kisha akakubali kurekodiwa, kwa masharti. Ya ndani, yale ambayo somo humfunza mwari, hatayasema: "Hayo si ya kila mtu." Nyimbo za vijembe atazisema, lakini majina ya waliopigwa vijembe hapana, kwani wajukuu wao bado tunapakana nao ukuta. Mpwa wangu aliona anapoteza sehemu tamu. Mimi nadhani nyanya alikuwa akifanya kazi ya mhariri.

Rekodi sasa ina saa 3 na dakika kadhaa, na mwalimu mmoja wa chuo amekubali kuipitia iandikwe makala ya jarida. Juzi binti alimsomea ukurasa wa kwanza. Nyanya akamsimamisha kwenye mstari wa pili. Alikuwa ameandikwa kwa jina la mumewe. Akataka lifutwe, akalitaja lake, la baba yake na la babu yake, polepole, akingoja kila moja liandikwe.