Ua la mulima mumoja

Umekwisha kupanda juu ya mulima wa shaba ambao mashini hazijaukata? Ukitoka mu pori ya miombo, mara moja miti inakwisha. Unaona majani mafupi, mawe ya rangi kibichi, na maua madogo madogo. Wengi wanafikiri ni moto wa kiangazi uliomaliza miti. Hapana. Ni shaba yenyewe. Iko nyingi mu udongo, na mizizi ya miti haiwezi kuivumilia.

Lakini maua yale yanaivumilia. Katanga iko na vilima sawa hivi zaidi ya 100, toka Kolwezi mpaka upande wa Lubumbashi. Wenye kusoma mimea wamehesabu aina karibu 30 zisizoota fasi ingine yoyote ya dunia. Hata pale wazee wetu, wale «walaji wa shaba», walipojenga tanuru za kuyeyusha malakiti, ua moja linaota mpaka leo: Haumaniastrum katangense. Watafuta-mambo ya kale wanalifuata ili wapate tanuru zenyewe. (Sisi tunalikanyaga bila kuliangalia!)

Sasa sikia habari ya Dikuluwe, karibu na Kolwezi. Pale paliota mumea mudogo uliopata jina la kilima: Acalypha dikuluwensis. Mutaalamu Mubelgiji Paul Duvigneaud na mwenzake Dewit waliuandika mu vitabu mwaka 1963. Kisha kilima kikachimbwa, kikawa shimo. Mwaka 2012 shirika UICN likauweka kati ya mimea iliyokwisha kabisa. Haukuwa na kilima kingine cha kukimbilia.

Utaniuliza: «Na watoto watakula nini?» Swali ni la haki. Chakula cha nyumba nyingi zinazosoma gazeti hili kinatoka mu mashimo yale, hata kwangu. Lakini kuchimba na kuchunga mbegu si vita. Kule Fungurume, mbele ya kukata kilima, watu wanachukua mbegu na mimea pamoja na udongo wake, wanaipeleka fasi ingine; maprofesa wa Lubumbashi na wa Gembloux, Ubelgiji, wamesaidia. Si mimea yote inakubali kuhama. Mbegu, yenyewe, inaenea mu bahasha moja.

Kijana, kama kwenu kilima kingali kizima, kipande wakati wa mvua, pamoja na mwalimu wa biolojia. Usingoe. Na mama, majani ya kule usiyapike kama mboga: mengine yanabeba shaba ndani.