Jinsi ya kuwarahisishia matumizi ya simu watu wenye usikivu hafifu

Wilaya ya Baiyun iliyoko kaskazini mwa mji wa Guangzhou, kusini mwa China, inafahamika sana kwa wafanyabiashara wa Afrika kutokana na masoko yake ya jumla, hasa soko la mabegi na bidhaa za ngozi la Sanyuanli. Baada ya mfanyabiashara kurejea nyumbani, mazungumzo kuhusu bei na mizigo huendelea kwa simu. Lakini mtu mwenye usikivu hafifu akisikia "tisa" mahali paliposemwa "sita", anaweza kupata hasara hata kabla hajakata simu.

Tatizo hili si la watu wachache. Uchunguzi wa sampuli uliofanywa nchini China mwaka 2006 ulikadiria kuwa watu wenye ulemavu wa kusikia nchini humo walikuwa zaidi ya milioni 27. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma kutokana na upotevu wa usikivu.

Watu wengi hudhani kuwa kuongeza sauti kunatosha. Ukweli ni kwamba simu ya kawaida hupitisha sauti zenye mitetemo ya kuanzia 300 hadi 3400 tu kwa sekunde, na sehemu kubwa ya sauti ya "s" iko juu ya kiwango hicho. Watu wengi wanaopoteza usikivu kutokana na uzee au kelele hupoteza kwanza sauti hizo nyembamba. Toni za lugha ya Kichina hazipotei kwa urahisi, kwani hutegemea kupanda na kushuka kwa sauti, lakini konsonanti hupotea. Kwa Kiswahili, "sita" na "tisa" zikipoteza konsonanti zake, hubaki irabu zile zile. Tena kwenye simu msikilizaji hawezi kutazama midomo ya msemaji.

Je, kuna njia gani za kusaidia? Vifaa vingi vya kusaidia kusikia vina koili ndogo ya waya inayopokea mawimbi ya sumaku kutoka kwenye simu inayooana nayo, hivyo kelele za sokoni haziingii. Anayevaa kifaa nyuma ya sikio anapaswa kuweka simu karibu na kipaza sauti cha kifaa hicho, wala si kwenye tundu la sikio. Kusikiliza kwa masikio yote mawili pia kunasaidia. Aidha, simu zinazopigwa kwa mtandao wa 4G au kwa intaneti zinaweza kupitisha sauti pana zaidi.

Maandishi ni msaada mwingine mkubwa. Mwaka 1964 mwanafizikia Mmarekani Robert Weitbrecht, ambaye alikuwa kiziwi, alibuni chombo kilichowawezesha viziwi kuandikiana kupitia waya wa simu. Mjini Guangzhou kwenyewe, kikundi kilichoongozwa na Zhang Xiaolong kilitengeneza programu ya WeChat iliyozinduliwa mwezi Januari mwaka 2011, ambayo baadaye iliongezewa uwezo wa kugeuza ujumbe wa sauti kuwa maandishi. Nchini China, mtu asiyeweza kuzungumza na polisi kwa simu anaweza kutuma ujumbe mfupi kwa namba 12110.

Hata hivyo, msaada mwingine hauhitaji fedha. Anayepiga simu ataje kwanza jambo analotaka kuzungumzia, aseme polepole bila kupiga kelele, kwani kelele huharibu matamshi. Asipoeleweka, atumie maneno mengine badala ya kurudia yale yale. Namba zisomwe tarakimu moja moja, kisha zitumwe kwa maandishi.

Mtu anayeelewa vizuri simu yake hana haja ya kumwomba mwanawe au jirani amsikilizie mambo yake ya biashara, ya afya au ya familia. Mwenye usikivu hafifu akiomba maneno yarudiwe, tusimwambie "basi, si kitu", bali tumrudie kwa subira.