Mtoto Amekubaliwa Kusomea Mazingira: Ni Elimu Gani Hiyo?



Mwezi uliopita alikuja ofisini kwetu mwanachama wa siku nyingi, mzee ambaye karafuu zake hazijapata kurudishwa kituoni kwa unyevu hata mara moja. Mkononi alikuwa na barua. Binti yake aliyemaliza Kidato cha Sita amepata nafasi ya Chuo Kikuu, kusomea shahada ya sayansi na sera ya mazingira. Mzee akaniambia, "Katibu, mwanangu, wewe umekaa skuli, nieleze. Hii ni elimu ya kufagia mabarabara, au ni nini? Maana nataka kuweka rehani mikarafuu kumi na miwili, wala sitaki kuiweka kwa ajili ya ufagio."

Waliokuwapo walicheka. Mzee hakucheka, nami sikucheka. Mkarafuu hukaa miaka sita hata minane kabla ya kuanza kuzaa, na anayeuweka rehani ameweka jasho la ujana wake. Nilimwomba anipe siku chache nitafute habari. Haya ndiyo niliyomjibu, nami nayaandika hapa kwa kuwa najua swali lake ni la wengi.

Neno linalowashinda watu ni hilo la sera. Lakini sisi wenye mikarafuu tumezaliwa ndani ya sera. Wanahistoria wameandika kwamba Seyyid Said aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii shamba lake litwaliwe. Amri ile ndiyo sera: njia ambayo mwenye mamlaka ameazimia watu waifuate. Kwa amri hiyo misitu ikafyekwa, tena kwa mikono ya watumwa, na sura ya visiwa hivi ikageuka. Kisha kimbunga cha Aprili 1872 kikaangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba, ambayo haikuumia sana, ikawa ndiyo nyumba ya karafuu. Leo mtu akitaka kuona msitu wa asili wa Pemba ulivyokuwa, humbidi aende Ngezi. Basi anayesoma elimu hii hujifunza kuuliza, kabla ya amri kutoka, itafanya nini kwa udongo, kwa maji na kwa watu.

Nusu ya pili, nayo ndiyo ya kwanza kufundishwa, ni sayansi. Mnaujua ule ugonjwa wa mikarafuu kufa ghafla: mti una majani mabichi, na baada ya siku chache umekauka wote kama uliopitiwa na moto. Uliteketeza mashamba mengi, khasa ya miti mikubwa, na kwa miaka mingi haikujulikana sababu. Katika miaka ya 1950 wataalamu Nutman na Roberts, waliochunguza mikarafuu hii hii yetu, walionyesha kwamba unatokana na kuvu iitwayo Valsa eugeniae. Lakini kujua jina la kuvu hakupandi mche. Nani atoe miche ya kujazia mapengo, nani alipe, na asiyeondoa miti yake iliyokufa aambiwe nini? Hapo tumekwisha rudi kwenye sera.

Mfano wa nusu hizo mbili kukaa pamoja tunao hapa hapa kisiwani. Popo wa Pemba hapatikani penginepo duniani. Aliwindwa akawa karibu na kwisha, na mwaka 1996 alitiwa katika orodha ya kimataifa ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa. Wataalamu wakahesabu, wanavijiji wakakubaliana kumlinda, na Kidike mgeni anayetaka kumtazama akatozwa ada. Popo wakaongezeka, na katika orodha ile wakateremshwa daraja ya hatari. Najua wapo kati yenu wanaosema kwamba popo anakula maembe yao. Ni kweli anakula; lakini pia ndiye anayetawanya mbegu za miti ya msitu bila ya kutudai ujira. Kisiwa Panza nako, ambako maji ya bahari yameingia mashambani, watu wamekuwa wakipanda mikoko. Kupanda ni kazi ya mikono, lakini kujua mahali gani mkoko utashika na wapi utasombwa na maji kunataka mtu aliyefundishwa kupima.

Sasa nitasema jambo ambalo si la kunipa sifa. Miaka michache nyuma ililetwa ofisini kwetu ripoti ya kazi ya kuchimba kifusi karibu na mashamba yetu. Tathmini ya namna hiyo inatakiwa na sheria. Zanzibar ilitunga sheria yake ya mazingira mwaka 1996, na nyingine ikaja mwaka 2015. Ripoti ilikuwa nene, kwa Kiingereza, imejaa majedwali, nasi tukaombwa maoni yetu. Kiingereza cha skuli ninacho, lakini majedwali yale yalinishinda, na niliona haya kusema. Nikaandika kwamba chama hakina pingamizi, nikatia saini. Masika yaliyofuata, maji yaliyokuwa yakishuka bondeni yakageukia mashamba ya wanachama wetu watatu, yakachimbua mizizi ya mikarafuu. Nilipoifungua tena ripoti ile, nikakuta karibu na mwisho imeandikwa wazi kwamba kabla ya kuchimba kifusi utachimbwa mfereji wa kupitishia maji. Mfereji haukuchimbwa, na hapakuwa na mtu kwetu aliyejua kuwa tulikuwa na haki ya kuudai. Wale watatu wamenisamehe. Nami kila nikipita njia ile hutazama upande wa pili.

Kwa hiyo, mzee aliponiuliza habari ya ufagio, nilimwonyesha ripoti ile.

Elimu yenyewe si kongwe. Marekani, chuo cha Middlebury kilianza kuifundisha mwaka 1965, na Uingereza, chuo cha East Anglia mwaka 1967. Kwetu, Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kinafundisha shahada ya sayansi ya mazingira na usimamizi wake kwa miaka mitatu; Chuo Kikuu Huria nacho kina masomo ya mazingira kwa asiyeweza kuacha kazi yake. Mwanafunzi husoma udongo, maji, mimea, hali ya hewa, hesabu za takwimu, ramani, uchumi na sheria. Mzazi aulize mambo mawili kabla ya kulipa kitu: kama masomo hayo yanatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na kama wanafunzi hupelekwa nje kupima kwa mikono yao. Aliyesoma mto kwa picha tu hatatufaa.

Wala sitawadanganya kwamba kazi humngoja mtu mlangoni. Wapo wenye shahada wanaokaa nyumbani. Lakini mikarafuu isiwekwe rehani. Iko Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar, na mtoto aombe huko kwanza. Wazee wetu wametusimulia jinsi mashamba yalivyoliwa na madeni, wala hapana haja ya kuyarudia kwa hiari yetu.

Na kwa waliouliza kunako baraza kama inafaa mtoto wa kike kuvuka bahari, nami nawauliza: karafuu zenu usiku huchambuliwa na nani, na makonyo hutengwa na mikono ya nani?

Mzee amerudisha barua ya rehani bila ya kuitia saini. Binti amekwisha peleka maombi yake ya mkopo, na ameahidi kwamba likizo ya kwanza ataisoma ripoti ile yote na kutuandikia kwa Kiswahili mambo tunayoweza kuyadai hata sasa. Nimeomba chama kimlipie nauli ya boti na basi hadi chuoni, na jambo hilo litaletwa mbele ya kamati Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala ya alasiri. Wanachama wengine wenye watoto waliofaulu masomo ya sayansi walete nakala za vyeti ofisini asubuhi, kabla ya saa sita, kwa kuwa mchana huwa nipo kituoni kwenye mizani.