Kimberley, Mji wa Ukingoni mwa Shimo

Mwamba unaozaa almasi huitwa kimbalaiti popote duniani, na sisi wa Shinyanga tumelizoea neno hilo tangu utotoni kwa ajili ya Mwadui, pasipo kujiuliza limetoka wapi. Limetoka Kimberley, mji wa Afrika Kusini, nao mji huo ulipewa jina hilo mwaka 1873 kwa heshima ya bwana mkubwa mmoja wa Uingereza aliyekuwa waziri wa makoloni. Ndipo nilipoona, nilipojaliwa kufika huko, kwamba haifai kuupita kwa gari. Nikautembea kwa miguu.

Matembezi huanzia Market Square, mbele ya Jumba la Mji lililojengwa mwaka 1899. Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni barabara zisizonyooka. Miji mingi ya walowezi ilipimwa kwa kamba kabla nyumba ya kwanza haijasimama. Huu haukungojea mpimaji. Mwezi Julai 1871 almasi ilionekana juu ya kilima kimoja katika shamba la ndugu wawili wa ukoo wa de Beer. Watu wakamiminika kama nzige, kila mtu akapiga hema pale alipofikia, na vichochoro baina ya mahema ndivyo vilivyogeuka barabara. Ndugu wale waliliuza shamba mwaka huo huo kwa pauni elfu sita na ushei, wakaenda zao. Jina lao likabaki kwa kampuni. Husimuliwa kwamba aliyeliokota jiwe la kwanza kilimani hapo ni Damon, mpishi Mwafrika wa mzungu aitwaye Rawstorne, aliyekuwa amefukuzwa kambini kwa ulevi na kuamrishwa akachimbe. Hakuna barabara kuu niliyoiona yenye jina la mpishi huyo.

Wenyeji hupenda kukukumbusha kwamba taa za umeme za barabarani ziliwaka kwao mwaka 1882, mapema kuliko mji mwingine wowote wa nusu ya kusini ya dunia. Wana haki ya kujivuna. Lakini mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya biashara ya almasi, iliyomtwika mshtakiwa mzigo wa kuthibitisha kwamba jiwe alilokutwa nalo hakuliiba.

Katika Stockdale Street lipo jengo la zamani la makao makuu ya De Beers. Kampuni kubwa iliundwa mwaka 1888 chini ya Cecil Rhodes, na mwaka uliofuata ikaandika hundi ya pauni 5,338,650 kuwanunua wapinzani wake wa mwisho. Wageni husimama kwa muda mrefu wakistaajabia tarakimu hizo. Kiongozi wetu, kijana mwenye adabu na maneno mengi, alitumia karibu robo saa kumweleza Rhodes, hila zake na sanamu yake iliyopanda farasi katika barabara ya Du Toitspan.

Kisha tukafika shimoni. Hapa maneno hupungua. Kilima kimetoweka, na mahali pake pana shimo la hekta 17, ambalo kulizunguka ni mwendo wa zaidi ya kilometa moja na nusu, na maji ya kijani yametuama chini. Hapo mwanzo eneo hilo liligawanywa viwanja vidogo vya futi 31 kila upande, kila kimoja na mwenyewe. Aliyechimba upesi alishuka, jirani yake akabaki juu. Njia za katikati zikaporomoka. Kila mtu akatega waya wake wa kupandishia udongo, hata shimo likaonekana kama limefumwa na buibui. Hadi mgodi ulipofungwa mwezi Agosti 1914 zilikwisha kutolewa tani milioni 22 na nusu za udongo na mwamba, na ndani yake almasi zenye uzito wa kilo 2,700 hivi.

Nani alizitoa? Kiongozi wetu alilijibu swali hilo kwa nusu dakika, nami nilimwomba radhi nikaongeza langu. Walizitoa manamba, watu waliotembea kwa miguu kutoka Lesotho, Transvaal, Msumbiji na kwingineko, wakapewa kipande, na kuanzia mwaka 1885 wakafungiwa makambini kwa muda wote wa mkataba wao. Juu ya uwanja wa kambi ulitandazwa wavu wa waya, asije mtu akarusha jiwe nje. Kabla ya kuruhusiwa kwenda makwao waliwekwa siku kadhaa uchi chumbani, mikono imefungiwa ndani ya glavu za ngozi, mpaka ithibitike kwamba hawakumeza kitu. Wafanyakazi wa kizungu walipotakiwa kupekuliwa waligoma mwaka 1884, na baadhi yao wakauawa kwa risasi. Hatimaye wao wakasamehewa kuvuliwa nguo. Mwezi Julai 1888 moto uliwaka ndani ya mgodi wa De Beers, wakafa watu zaidi ya 200, wengi wao Waafrika.

Mambo haya hayapo mbali nasi kama inavyodhaniwa. Williamson aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, na alipofariki mwaka 1958 De Beers na serikali ya Tanganyika waligawana mgodi wake nusu kwa nusu. Wazee wetu waliofanya kazi pale wanazidi kupungua, na sijui kama kuna anayeandika wanayoyakumbuka.

Sikutaka kumalizia shimoni, nikarudi hadi namba 32 Angel Street, nyumba ya Sol Plaatje. Mtu huyu aliingia mjini mwaka 1894 kuwa tarishi wa posta, akawa katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, kilichoundwa mwaka 1912, na akamfasiri Shakespeare kwa Kitswana. Nyumba yenyewe ni ndogo. Ukiwa na haraka utaipita. Robert Sobukwe naye, alipotolewa kisiwa cha Robben mwaka 1969, alihamishiwa Galeshewe, kitongoji cha mji huu, akaishi humo chini ya marufuku ya makaburu hadi kifo chake mwaka 1978.

Tangu mwaka 2014 katikati ya mji kuna chuo kikuu chenye jina la Plaatje. Nilipopita jioni, wanafunzi walikuwa wameketi kivulini wakibishana kwa Kitswana, na mmoja wao akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Shinyanga, akaniuliza kama huko nako kuna shimo.