Mgonjwa Aulizwe Kwanza



Gatsata, hapa Kigali, inajulikana kwa magereji yake. Fundi mzuri wa huko hafungui injini kabla ya kumwuliza mwenye gari: inalia vipi, na ilianza lini? Leo tunapenda kuwaeleza kwamba mgonjwa naye anastahili kuulizwa anapotibiwa kansa kwa mionzi.

Zamani mgonjwa wa Rwanda aliyehitaji mionzi alilazimika kwenda nje ya nchi. Wengine walikwenda Mulago, Uganda, lakini mwaka 2016 mashine pekee ya huko, iliyowekwa 1995, iliharibika kabisa. Kituo cha kansa cha Butaro kilifunguliwa mwaka 2012, ila hakikuwa na mionzi. Ndipo mwaka 2019 hospitali ya jeshi ya Kanombe ilipoanza kutibu kwa mashine mbili. Hiyo ni hatua kubwa.

Lakini mashine peke yake haitoshi. Mionzi hutolewa kidogo kidogo kila siku, ili sehemu nzima za mwili zipate nafuu. Kwa kansa ya mlango wa kizazi, mgonjwa huenda kama mara 25 kwa majuma matano, na tiba yote yafaa imalizike katika majuma manane. Kila mara ni dakika chache, na mionzi yenyewe haisikiki mwilini. Kinachouma ni nauli na ujira. Mchuma chai wa kibarua asipofika shambani halipwi. Akiishiwa nauli juma la tatu akabaki nyumbani, ugonjwa hupata nguvu upya.

Kwa hiyo watafiti wameuliza: je, safari zaweza kupunguzwa? Nchini Uingereza, utafiti uitwao FAST-Forward ulifuata wagonjwa zaidi ya 4,000 wa kansa ya matiti waliokwisha kupasuliwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: mara 5 kwa juma moja zilizuia ugonjwa kurudi sawasawa na mara 15 kwa majuma matatu. Kwa mfanyakazi, hizo ni siku 10 za ujira zilizookolewa. Si kila kansa hutibiwa hivyo, na daktari ndiye anayeamua. Lakini kuuliza ni haki ya mgonjwa.

Jambo jingine ni hofu. Wakati wa mionzi wahudumu hutoka, mgonjwa akabaki peke yake chumbani. Aambiwe mapema kwamba wanamwona kwa kamera na wanamsikia akiita. Apewe nguo ya kujisitiri. Na mama mwenye mimba aseme kabla ya kupigwa eksirei.

Ndugu, ukipelekwa kwenye mionzi, uliza: nitakuja mara ngapi? Saa gani, ili nipange zamu yangu? Nitapata madhara gani baadaye? Wajumbe wa matawi, pelekeni barua ya daktari kwa mwajiri kabla tiba haijaanza, na wenzake wachangie nauli. Mwenzetu asiache tiba katikati kwa kuogopa kupoteza kazi.